Ngonjera Isiyo na Mpinzani

Ratiba ya mahafali ya kidato cha nne ni maandishi yanayostahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki tamthiliya. Huku Mpanda, mkoani Katavi, huchapwa kwenye karatasi moja, hubandikwa nje ya ofisi ya taaluma, na mshereheshaji huishika mkononi siku nzima: wageni kuwasili, Wimbo wa Taifa, maonyesho ya kitaaluma, ngonjera, igizo, risala, nasaha za mgeni rasmi, vyeti, chakula. Wazazi huichukulia kama orodha tu ya mambo yatakayofanyika. Mimi naisoma kwa jicho la fani, kwa sababu humo ndimo shule zetu huwaonyesha vijana kazi ipi ni ya nani, na kinachoonyeshwa jukwaani hakifutwi na hotuba ya nusu saa inayosema wote ni sawa.

Wanafunzi wetu wamezoeshwa kukimbilia maudhui. Ukiwauliza ngonjera ya leo ilihusu nini watakujibu haraka: umuhimu wa elimu. Ujumbe wake? Tusome kwa bidii. Dhamira? Kujenga taifa. Majibu hayo yatapata alama, na ni ya kweli. Lakini ubaguzi ninaouzungumzia haumo katika dhamira. Umo katika nani anaingia wa kwanza, amevaa nini, anapewa kitenzi gani, na anajibizana na nani.

Nieleze ngonjera moja niliyoitazama katika shule ya hapa mjini. Siitaji shule hiyo, kwa kuwa nimeona ngonjera za aina hiyohiyo kwingine, na mwalimu aliyeitunga ni mtu mwema anayewapenda wanafunzi wake. Vijana walitokea nyuma ya darasa mmoja mmoja. Wa kwanza mvulana, koti jeupe la maabara limemfika magotini, shingoni ananing'iniza kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo. Akafuata msichana mwenye kofia ya nesi iliyokatwa kwenye karatasi ya manila. Kisha rubani, mvulana, mabegani kabandika tepe za dhahabu. Mhandisi, mvulana, kofia ngumu ya njano iliyoazimwa kwa mafundi waliokuwa wakijenga jirani. Mwalimu, msichana, chaki mkononi. Askari, mvulana. Wa mwisho msichana aliyejifunga kitenge, kichwani sinia la ndizi: mjasiriamali. Kila mmoja alisema ubeti wake akitazama mbele, na baada ya kila ubeti wote waliitikia pamoja kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Wazazi wakapiga vigelegele, wengine wakapanda kuwatuza.

Sasa tusome. Kiswahili hakimlazimishi mtunzi kusema kama mtendaji ni mume au mke. Natibu, ninarusha, ninajenga: nafsi ya kwanza haina jinsia, na hata nafsi ya tatu haina; anatibu ni yeyote. Ukiichukua karatasi ya ngonjera ile na kufuta maelekezo ya pembeni, hutakuta popote kwamba daktari ni mwanamume. Mtunzi anaweza kuapa kwamba hakumbagua mtu, na maandishi yake yatamtetea. Jinsia iliingia pale mwalimu alipowapanga wahusika mchana mmoja baada ya vipindi: wewe mrefu utakuwa rubani, wewe mwenye sauti laini utakuwa nesi. Lugha ilimwachia uhuru kamili, yeye akautumia kurudia picha aliyokwisha kuiona kwenye vitabu na kwenye mahafali ya shule aliyosoma. Ndiyo maana uhakiki unaoishia kwenye maneno hauwezi kulikamata jambo hili. Utendaji nao lazima usomwe, koti na kofia ya manila pamoja.

Tukirudi kwenye maneno yenyewe, vitenzi navyo vina mengi. Daktari wa ngonjera ile alipima, akapasua, akaokoa maisha. Nesi alimpokea mgonjwa kwa tabasamu, akamsaidia daktari, akampa mgonjwa dawa alizoandikiwa. Ubeti wa daktari unajitosheleza. Ungeweza kusomwa peke yake na ukaeleweka. Ubeti wa nesi hauwezi kusimama bila ule uliotangulia, kwani karibu kila kitenzi chake kinamhitaji mtu mwingine aliyeamua kwanza. Huo ni utegemezi wa kisarufi, na msichana aliyeukariri kwa wiki tatu ameukariri pamoja na kofia yake. Siidharau kazi ya uuguzi hata chembe. Anayezifahamu zahanati za vijiji vya wilaya ya Tanganyika au halmashauri ya Nsimbo anajua kwamba muuguzi ndiye anayezalisha usiku, ndiye anayeamua mama apelekwe hospitali au asubiri, na wakati mwingine muuguzi huyo ni mwanamume. Ngonjera iko nyuma ya zahanati. Imemnyang'anya nesi maamuzi anayoyafanya kila siku, kisha ikamkabidhi msichana kile kilichobaki.

Mpangilio wa kuingia nao una uzito. Kazi zilianzia kwenye koti jeupe na kuishia kwenye sinia la ndizi, na msichana mwenye sinia ndiye aliyepigiwa makofi ya kucheka. Hakuna aliyekusudia dharau. Lakini mtu anayekuja mwisho katika mfululizo wa namna ile huonekana kama aliyebaki baada ya wengine kugawana.

Kuna kasoro nyingine ya mandhari. Ngonjera ile haikuwa Mpanda. Ingeweza kusomwa Tanga au Bukoba bila kubadilishwa neno. Mji huu ulikua kutokana na mgodi wa madini ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa hadi hapa kwa ajili ya mgodi huo. Leo kuna machimbo madogo ya dhahabu, kuna tumbaku na vyama vyake vya msingi, kuna asali, kuna Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kuna vijiji vya Tanganyika vinavyopata fedha za hewa ya ukaa kwa kutunza misitu yao. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko ndani ya mkoa huu huu, Mpimbwe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopata ubeti. Mtunzi anapoacha mahali anapopajua, hana pa kuchota ila picha ya kitabuni, na picha ya kitabuni ina rubani wa kiume. Angetazama nje ya uzio angewaona wanawake wanaoponda mawe machimboni, wanaochambua tumbaku, wanaosimamia mashine za kusaga, na angelazimika kutunga ubeti mpya. Mkoa wenyewe umeongozwa na mwanamke, Mwanamvua Mrindoko, na watoto wamemwona akihutubia. Sijasikia ngonjera ya shule yenye ubeti wa mkuu wa mkoa.

Hapo ndipo inafaa kukumbuka ngonjera ilikotoka. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki 1969, alilipa umbo hili nguvu baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ngonjera zake zilitoka kitabuni kwa jina la chama cha washairi, UKUTA, mwaka 1970 na 1971. Ngonjera ya aina hiyo ilikuwa majibizano. Mmoja anashikilia jambo, mwingine anampinga, wanarushiana hoja ubeti kwa ubeti, mpaka mmoja anakiri. Unaweza kulalamika kwamba mshindi alijulikana tangu mwanzo, na malalamiko hayo yana haki. Hata hivyo mpinzani alikuwepo. Alipewa beti zake, na msikilizaji mwenye mashaka alisikia mashaka yake yakisemwa kwa sauti kabla ya kujibiwa.

Ngonjera ya kazi tunayoicheza leo imempoteza mpinzani. Hakuna anayemuuliza rubani ada ataitoa wapi. Hakuna baba anayemuuliza mhandisi ng'ombe watachungwa na nani. Na hakuna yeyote anayemwambia msichana lile analoambiwa kweli nyumbani: kwamba fizikia ni ya wavulana, kwamba umeme utamuua, kwamba mwanamke wa gereji haolewi. Maneno hayo yapo mjini hapa, yanasemwa jikoni na kwenye daladala, na wakati mwingine ofisini kwa walimu. Jukwaa limeyafukuza, kwa hiyo msichana anayaendea akiwa hana hata ubeti mmoja wa kuyajibu. Umbo lililobuniwa kwa ajili ya kubishana limegeuka gwaride la sare.

Lakini ubishani haukupotea kabisa katika ratiba. Umehamia kipengele kinachofuata, igizo.

Igizo la mahafali, kwetu, karibu kila mara ni la mimba. Msichana yuko njiani kwenda shule, kijana wa bodaboda anasimama, kuna chipsi, kuna simu. Rafiki mmoja anamshawishi, mwingine anamwonya. Mama analia, baba anafoka. Hapa kuna kila kitu ambacho ngonjera inakikosa: mgogoro, mhusika anayebadilika, sauti zinazopingana, kilele. Na mhusika mkuu ni msichana. Ni nafasi pekee katika siku nzima ambapo msichana anasimama katikati ya jukwaa akiwa na uamuzi wa kufanya.

Sababu ya igizo hilo kupendwa inaeleweka. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 ulikuta kwamba Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Takwimu hiyo imeuandama mkoa kwenye kila semina. Mwalimu anayetunga igizo la mimba anajibu jambo la kweli, na simlaumu kwa kulijibu.

Ninachoomba ni kuvisoma vipengele viwili kama maandishi mamoja, kwa sababu mtazamaji huviona mfululizo, kwenye viti vilevile, chini ya turubai lilelile. Katika ngonjera mvulana ana kazi na msichana ana kofia ya manila. Katika igizo msichana ana mwili na mvulana ana pikipiki. Mahali pa ushauri wa kazi kwa msichana pamechukuliwa na ushauri kuhusu mwili wake. Kwa miaka minne mwalimu wa unasihi anapowaita wasichana peke yao, ni kuhusu hedhi, wanaume na mimba. Anapowaita wote pamoja ni kuhusu tahasusi na vyuo, na hapo wavulana ndio wanaouliza maswali. Yote mawili yanahitajika. Lakini ukiyagawa hivyo, msichana anajifunza kwamba mafanikio yake ni kuepuka jambo, na mvulana anajifunza kwamba mafanikio yake ni kuwa jambo fulani.

Sikiliza sarufi ya nasaha zinazofuata na utaona kitu hichohicho. Kwa wasichana, wageni rasmi wengi niliowasikia huzungumza kwa amri ya kukanusha: msidanganyike, msikubali, msipokee, msitamani. Kwa wavulana amri ni za kukubali, na mara nyingi huingia katika hali tegemezi inayoelekea mbele: someni, mjitume, mje muwe wahandisi wa reli hii. Kanusho linamlinda mtu dhidi ya njia moja tu. Halimwambii kuna njia gani nyingine. Binti akitii kila neno la hotuba hiyo atamaliza kidato cha nne bila mimba, nami nitafurahi pamoja naye, na bado hatajua afanye nini na Jumatatu inayofuata.

Mwisho wa igizo nao una kosa ambalo ni zito kuliko yote niliyoyataja. Maigizo niliyoyaona humalizika msichana akiondoka na kifurushi, kanga begani, shule imemfunga mlango, na msimulizi akitoa onyo. Mwisho huo ulikuwa sahihi wakati fulani. Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali. Lakini Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na waraka ukatolewa. Igizo halijausoma waraka huo. Linaendelea kuufunga mlango ambao serikali iliufungua, na linaufunga mbele ya wazazi mia kadhaa ambao pengine nyumbani wana binti wa namna hiyo na hawajui kama anaweza kurudi. Hapa fani inaumiza watu moja kwa moja. Tendo moja la ziada, dakika tatu, mama na binti wakiingia ofisini kwa mkuu wa shule kuulizia nafasi, lingewafikishia wazazi habari ambayo hawakuisikia redioni.

Kuhusu risala sina mengi. Aghalabu msichana ndiye huisoma, kwa kuwa ana sauti inayopendeza, na anachosoma kimeandikwa na walimu: upungufu wa walimu wa sayansi, maabara, uzio, bweni la wasichana. Amepewa kipaza sauti ili aombe kwa niaba ya jengo.

Fasihi yetu wenyewe ina mifano ya kutusaidia. Penina Muhando, ambaye pia huandika kwa jina la Mlama, alichapisha tamthiliya ya Nguzo Mama mwaka 1982, na kwa miaka mingi imesomwa kidato cha tano na sita. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kuisimamisha nguzo, na hawawezi. Majina yao ni hesabu, Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu na kuendelea, na msimulizi wa mambo yote ni mwanamke, Bi Msimulizi. Wanafunzi wengi huliona jambo la majina na kuandika kwamba linaonyesha wanawake hawathaminiwi. Mimi naona zaidi ya hapo. Hesabu inawaweka katika mstari, kama wale vijana wa ngonjera, lakini mwandishi hawaachi mstarini. Anamtoa kila mmoja na shida yake: mila, ndoa, urithi, fedha. Wanabishana, wanagombana, wanatuhumiana. Pazia linafungwa kazi haijaisha, na tamthiliya haioni haya kwa hilo. Muhando alijua kwamba ukombozi unaooneshwa umekamilika jukwaani humwacha mtazamaji bila kazi ya kufanya.

Mwandishi huyo alilipeleka wazo lake shuleni. Mwaka 1996 yeye na Amandina Lihamba, wote wa idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha TUSEME, mradi wa sanaa za maonyesho kwa wasichana wa sekondari, ambao baadaye ulienezwa na shirika la FAWE katika nchi nyingi za Afrika. Tofauti yake na mahafali iko kwenye nani anatunga. Katika TUSEME wanafunzi hukaa kwanza kuchambua kinachowakwamisha, hukitengenezea igizo wao wenyewe, hulicheza mbele ya walimu na wazazi, kisha mjadala hufuata. Mzazi anaweza kusimama na kukataa, na mwalimu anaweza kusikia kwamba yeye ni sehemu ya tatizo. Majibizano ya Mnyampala yamerudi, safari hii mshindi hakupangwa.

Kwa hiyo sipendekezi tuwabadilishie kofia tu, msichana avae koti jeupe na mvulana avae manila. Hilo ni jema na lifanyike, ila likiishia hapo tutakuwa tumepata gwaride lilelile lenye sura nyingine. Ninachotaka kirudi ni mpinzani. Nimejaribu kutunga beti mbili za kuonyesha ninachomaanisha, binti na mama yake:

Mama nimekusudia, ufundi nijifunzie,
Injini nazisikia, zikikoroma nijue,
VETA si mbali na njia, fomu kesho nichukue,
Wewe waniambiaje, mama nipe jibu lako.

Mwanangu umenitisha, nani atakuajiri,
Gereji itachafusha, jina letu la fahari,
Tena itachelewesha, posa na harusi nzuri,
Mwanangu jibu ni hilo, nawe nipe jibu lako.

Si beti kubwa, lakini zinafanya mambo mawili ambayo ngonjera ya sare haiwezi kuyafanya. Mama amepewa nafasi ya kusema hofu yake bila kugeuzwa mjinga. Ajira ni hofu halali, na ndoa katika nyumba nyingi za Katavi ni hesabu ya kiuchumi. Na kituo, yaani mstari wa mwisho wa ubeti, kinadai jibu. Binti hawezi kuitikia kwamba elimu ni ufunguo na kuondoka. Lazima aseme ajira iko wapi, nani tayari anaifanya kazi hiyo, mafunzo yanachukua muda gani, ada ni kiasi gani. Atalazimika kwenda kuuliza, na huko kuuliza ndiko ushauri wa kazi wenyewe.

Ubeti wa tatu sijautunga, na mwalimu asiutunge. Aupe darasa la kidato cha pili, wasichana na wavulana, wautunge kwa makundi baada ya kuzunguka mjini na kuongea na watu walio kazini. Nasema kidato cha pili kwa sababu mahafali huchelewa mno. Kwa utaratibu tuliouzoea, mwanafunzi huamua kuendelea na fizikia au kuiacha anapoingia kidato cha tatu, na mtaala mpya ulioanza 2024 unamtaka achague kati ya mkondo wa jumla na wa amali mapema zaidi ya hapo. Mwaka huohuo wa 2024 tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65. Serikali iliamua pia kujenga shule ya bweni ya sayansi ya wasichana katika kila mkoa wa Bara, 26 kwa jumla. Milango imekuwa mingi kuliko wakati wowote, na msichana anayesubiri ngonjera ya mahafali imwonyeshe mlango tayari ameshajaza fomu, ameshaacha masomo mawili ya sayansi, na kofia ya manila imeshakatwa kwa kipimo cha kichwa chake.

Mwalimu wa Kiswahili ndiye mwenye kipindi cha kulifanya hili. Ushairi umo kwenye muhtasari wake, ngonjera imo, na uhakiki umo. Safari ijayo atakapofundisha muundo na mtindo, aiweke ratiba ya mahafali ya shule yake ubaoni, awaulize wanafunzi nani anaingia wa kwanza, na awape muda wa kutosha wa kumjibu.